Samaki wa Mama Posta Ndani ya Kimea cha Bibi

Mwezi uliopita nilitoka Laela kuja Sumbawanga kufuatilia mzigo wa mahindi uliokuwa umekwama, nikafikia kwenye nyumba ya wageni iliyofunguliwa hivi karibuni. Pale mapokezi wameweka tangi la vioo, si unajua mambo ya siku hizi, na ndani yake wanazunguka samaki wadogo wa kijivu wenye mistari myeusi inayoshuka kutoka mgongoni. Niliweka mkoba chini, nikainama, nikaanza kuwachungulia matumbo mmoja baada ya mwingine. Binti wa mapokezi akaniuliza kwa upole, "Mama, kuna kitu umedondosha?" Nikamwambia hapana, namtafuta jike. Akanipa ufunguo upesi, kama anavyopewa mtu ambaye hutaki azidi kuongea.

Jike nilimpata. Tumbo lake lina rangi ya chungwa bivu, na dume hana kitu hicho, ingawa wengi hudhani dume ndiye mwenye mapambo. Ni jambo dogo, lakini nililala nikiwa na furaha ya kijinga, kwa sababu jambo hilo nililijua nikiwa darasa la nne. Aliyenifundisha ni jirani yetu wa mtaa wa Izia, hapahapa Sumbawanga, mtumishi wa posta, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Posta kana kwamba ofisi ile ameizaa yeye.

Wazazi wangu walikuwa wakulima kule Mpui. Waliniacha mjini kwa bibi mzaa mama ili nisome, na pia kwa sababu bibi alihitaji miguu ya kutuma. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, na nyuma yake kulikuwa na banda la jikoni lililojaa masizi. Bibi alikuwa Mkatoliki wa kutokosa jumuiya, na alikuwa mpishi wa pombe ya ulezi ambaye kipaimara, ndoa na mavuno ya watu wengi vilimtegemea. Ninaposema pombe usifikirie vurugu. Watu walikuja mchana wakiwa wamevaa vizuri, wakanywa wameketi, wakazungumza habari za mbolea na wakwe.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye kimea. Ulezi ulilowekwa, ukachujwa, ukatandazwa kwenye kona ya banda juu ya nyasi kavu, kisha ukafunikwa kwa magunia na blanketi kuukuu. Ukiuacha hapo utulie, unaanza kuchipua, na ukichipua unatoa joto lake wenyewe, bila moto wala jua. Wakati wa kipupwe, upepo wa Ufipa unapopita chini ya milango na maji ya ndoo yanauma meno, mimi nilikuwa najipenyeza asubuhi na kusukuma miguu yangu chini ya lile blanketi kabla ya kwenda shule. Bibi akinikuta alikuwa anafoka, "Toa miguu yako humo! Unataka watu wanywe miguu?" Halafu anageuka upande ili nisione anavyocheka.

Mama Posta alikuwa mtu wa Mbeya, Mnyakyusa mrefu, mwenye kitambaa cha kichwa kilichokazwa barabara na sauti ya kuongoza kwaya. Alikuwa ameokoka, tena ameokoka sawasawa. Siku za pombe hakukatiza uani kwetu hata kama mvua imeharibu njia ya chini. Alikuwa radhi kuvua viatu na kukanyaga tope mpaka kwenye vifundo kuliko kupita kwenye harufu ile. Hata hivyo yeye na bibi walielewana. Chumvi ilivuka ua wa minyaa kuja huku, mchicha ukavuka kwenda kule, shikamoo ikaitikiwa kila asubuhi. Walikuwa majirani wa uani, kila mmoja na upande wake.

Sebuleni kwake ndiko kulikokuwa na tangi. Alikuwa amelipata Mbeya kwa daktari mmoja mgeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, pamoja na samaki na kifaa kidogo cha umeme cha kupasha maji joto. "Hawa asili yao ni Amerika ya Kati," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza ukoo wa wakwe zake. Niliruhusiwa kuingia nikishanawa miguu. Nilipogonga kioo kwa kidole mara ya kwanza, aliushika mkono wangu akaurudisha mapajani. "Usigonge. Kaa tu. Ukikaa watakusahau, na wakishakusahau ndipo utawaona."

Nikakaa, nikawaona. Sijui kama umewahi kuona samaki akilea, rafiki yangu. Hawa huchimba shimo kwenye changarawe, wakawahamishia watoto humo kwa mdomo, mama na baba wakapokezana zamu. Mama akichoka, baba anasogea. Mtoto akizurura, anamezwa na kutemwa tena kundini, bila kuumia. Chakula kikiwa kikubwa, mzazi anakitafuna na kukipuliza katikati ya wanawe. Mimi niliyekuwa mbali na wazazi wangu niliweza kulitazama jambo hilo mpaka niitwe mara tatu nikakoroge uji.

Halafu kikatokea kizazi kile. Watoto walipofikia ukubwa wa punje ya mahindi, mistari ikaanza kuonekana kwa wote isipokuwa mmoja. Huyu hakuwa na mstari hata kidogo. Rangi yake ilikuwa ya moshi wa kuni mbichi unapopigwa na jua, buluu isiyokubali kuitwa buluu, na kwenye kingo za mapezi palipita wekundu mwembamba. Mama Posta aliniita kwa kuchungulia uani, kwa kidole tu, bila sauti. Tulikaa mbele ya tangi mpaka maharage ya bibi yakaungua.

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu yule mama, na heshima hiyo haijapungua. Mtu mwingine angeshangilia na kuita majirani. Yeye alikuwa mgumu wa kuiamini furaha yake mwenyewe. Alinieleza kwamba samaki hubadilika rangi kama watu wanavyobadilika nyuso: akiogopa anapauka, akiumwa anapauka, akikasirika anaiva. Kwa hiyo akamtazama asubuhi na mchana, akishiba na akiwa na njaa. Ndugu zake walipoanza kumdonoa mapezi, alikata kipande cha chandarua akamtengea chumba chake. Na siku moja, akiwa anasuka ukili, akaniambia neno ambalo lilinikaa. "Mwanangu, kama Mungu ametengeneza kimoja tu cha namna hii, akakiweka sebuleni kwangu, kikinifia nitamjibu nini?"

Nilipomsimulia bibi, aliuliza kwanza kama analiwa. Nilipomwambia hapana, akauliza, "Sasa yeye anamla nani?" Lakini kesho yake nilimwona amesimama kwenye ua wa minyaa akiulizia hali ya "yule mtoto wa buluu".

Kipupwe cha mwaka ule kilikuja na ukali. Kikaja pia na kukatika kwa umeme, si ule wa kurudi jioni, bali ule ambao watu huacha kuuulizia. Kifaa cha Mama Posta kikawa pambo. Samaki wakashuka chini ya tangi, wakasimama pale wakihema. Mistari yao ikafifia mpaka wote wakawa rangi moja ya majivu, na yule wa pekee akiwa katikati yao hukuweza tena kumtofautisha isipokuwa kwa kile chumba cha chandarua. Mama Posta akaanza kutilia shaka kila alichokiona. Labda tangu mwanzo alikuwa mgonjwa tu. Labda alikuwa anasikia baridi kabla ya wenzake.

Siku hizo alipita mama mmoja wa Kirando aliyekuwa akituletea dagaa. Alichungulia tangi akiwa bado na kapu kichwani. Akasema kule kwao ziwani kuna samaki wa jamii moja ambao kwenye mwamba huu ni wa njano na kwenye mwamba wa pili ni wekundu, na kila mmoja ni mzima kabisa kwao. "Ila hawa wako siwajui, dada. Ninachojua, samaki akipauka kwa baridi, mistari yake ipo, imelala tu. Mpe joto uone. Ikiamka kwa wote na huyu akabaki hivyo, basi ndiyo rangi yake aliyozaliwa nayo."

Ilikuwa rahisi kusema. Mama Posta alijaza chupa maji ya moto akazizamisha, na tangi likapanda joto ghafla, kisha likapoa ghafla. Akaweka jiko la mkaa karibu na meza. Asubuhi tukakuta wengine wameelea ubavu, miongoni mwao lile jike kubwa, mama wa kizazi kile. Alimtoa kwa kikombe, akamfunga kwenye kitambaa, akanawa, akaenda kazini. Jioni nilimkuta amekaa mbele ya kioo bila hata kufungua kitambaa cha kichwa, anaimba pambio polepole na sauti inamkatika.

Ni bibi aliyemwita, kupitia uani. "Mama Posta, mwanangu. Mlete mtoto wako huku. Mimi nina joto lisilohitaji umeme."

Mama Posta alijua fika ni joto gani. Alishika tawi la mnyaa akaliachia. "Mama, asante. Lakini wewe unajua msimamo wangu."

"Naujua. Mimi sikukaribishi wewe kunywa. Namkaribisha samaki, na samaki hajaokoka."

Siwezi kukueleza usiku ule Mama Posta aliomba nini. Ninachoweza kueleza ni kwamba kesho yake, Jumamosi, mchana kweupe, wateja wa bibi wakiwa wameketi kwenye mabenchi na vikombe vyao, alitoka kwake akiwa na ndoo mikononi. Hakupita kwenye upenyo wa nyuma. Alizunguka barabarani akaingia mlango wa mbele, akawasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, akapita katikati yao mpaka bandani. Wazee walisimama. Hadi leo sijui kama ni kwa heshima au kwa mshangao.

Bibi alikuwa ameandaa chungu kikubwa kilichosuguliwa kwa majivu mpaka harufu yote ikaisha. Alisema plastiki haisikii joto, chungu kinasikia. Akakichimbia katikati ya kimea hadi shingoni, mdomo wake ukabaki wazi ili samaki wapate hewa. Akamimina maji taratibu. Yule wa pekee akaingia, pamoja na wale wenye mistari waliobaki, wametenganishwa na kipande kile cha chandarua. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwa kata na kuyarudisha kutoka juu, yapate pumzi, asubuhi na nitokapo shule. Bibi alikuwa anaingiza nyuma ya kiganja chake ndani ya ulezi, anafumba macho, kisha anaongeza gunia au anapunguza. Mama Posta alipiga magoti kando yake, akaingiza nyuma ya kiganja chake pia. Nilikuwa sijawaona wamekaa karibu namna hiyo.

Mistari ikaamka. Kwanza mmoja, kwa mbali, kama nguo inayoiva kwenye rangi, kisha mingine, mpaka ikawa myeusi ya kupendeza. Na yule wa pekee akainuka kutoka chini ya chungu akiwa buluu ileile ya moshi, na kingo nyekundu, bila mstari wowote. Mama Posta alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamkumbatia bibi pamoja na masizi yake yote. "Ndaga fijo, mama," alimshukuru kwa Kinyakyusa chake, na bibi asiyejua Kinyakyusa akaitikia kwa Kifipa, na wakaelewana.

Umeme haukurudi upesi, na kimea nacho hakikai milele. Ulezi ukichipua vya kutosha hutolewa ukaanikwa juani, ukiachwa upitilize pombe inakuwa chungu. Bibi akaamua kuloweka ulezi kwa kupishana, fungu hili likianza kupoa, lingine linapata moto, na chungu kinahamishwa. Lakini fungu la kwanza aliliacha lipitilize kwa ajili ya samaki, na lilikuwa la kipaimara cha watu. Pombe ilitoka mbaya. Nilisikia kwa masikio yangu mteja mmoja akisema mkono wa bibi umekwisha. Bibi, mwanamke ambaye ungemsifu mpishi mwingine mbele yake angenuna siku nzima, alikunja khanga yake kiunoni akasema, "Ndiyo, umri." Hakumwambia Mama Posta, na mimi nilikatazwa.

Mama Posta naye alilipa. Habari za kuonekana kwake kwenye nyumba ya pombe zilifika kanisani kabla yake. Akawekwa kando, asiongoze kwaya mpaka itakaposemwa. Alikaa kwenye benchi la nyuma na sauti ile kubwa, anaimba kama waumini wengine, na akitoka ibadani anakuja moja kwa moja bandani kwetu na Biblia yake kwapani. Bibi alimtania, "Umekuja kumwona samaki au kunichungulia chungu?" Naye akajibu, "Vyote, mama, lakini samaki kwanza."

Jua liliporudi, samaki walirudi kwenye tangi. Yule wa pekee akakua akawa dume, akaoana na jike mmoja mwenye mistari. Watoto wao wote wakatoka na mistari. Nililia. Mama Posta hakulia. Aliniambia rangi inaweza kujificha kwa watoto ikatokea kwa wajukuu, mradi hatuwapotezi, na akawatunza wale wa kawaida kwa uangalifu uleule. Wale wakakua, wakazaa. Na asubuhi moja nikasikia sauti ya kwaya kutoka nyumba ya jirani, wimbo mzima, sauti ya kwanza mpaka ya mwisho, na nikaruka ua bila kunawa miguu. Walikuwa kadhaa, wadogo, wa buluu ya moshi, wanafuata tumbo la mama yao.

Uhamisho wake ulikuja kama unavyokuja wa watumishi wote, ghafla na bila kujali nani ana nini. Anarudi Mbeya. Ilikuwa kipupwe tena. Siku ya safari, wanakwaya walikuja stendi na mchungaji wao kumsindikiza, wamevaa sare, maana walikuwa wamekwisha kumrudishia nafasi yake. Mama Posta alipanda basi la Mbeya akiwa amekumbatia kapu kubwa. Ndani ya kapu kulikuwa na ndoo ndogo ya samaki, na kuizunguka ndoo kulikuwa na kimea cha bibi, kibichi, cha moto, kimefungwa kwenye blanketi. Harufu ilijaa basi zima. Mchungaji akanusa, akauliza kwa wasiwasi mama amebeba nini. "Kimea, mchungaji. Kimea cha pombe," alijibu kupitia dirishani. "Tuombe haraka, basi linaondoka."

Walifika salama. Tuliambiwa hivyo, na bibi akaenda kuwasha mshumaa kanisani kwa ajili ya samaki, jambo ambalo sidhani kama padre aliarifiwa.

Nimekuwa mtu mzima, mtu wa magunia na mizani. Bibi amelala kule makaburini, na banda limebomolewa kupisha vyumba vya kupangisha. Nilipompigia Mama Posta kumpa habari za msiba, alinipa pole, kisha akanieleza kwamba wa mwisho mwenye rangi ile alikufa kwenye kipupwe kimoja umeme ulipokatika. "Mwanangu, nilizunguka mtaa mzima na ndoo, nauliza ni nyumba gani wanaotesha ulezi. Mimi, mzee wa kanisa. Watu wakanionyesha baa. Za chupa. Nikasimama pale mlangoni na ndoo yangu mpaka maji yakapoa."

Tangu hapo tunapigiana mara kwa mara, na mazungumzo yetu hugeuka kuwa ubishi. Hatuna picha, siku zile nani alikuwa na simu ya picha. Mimi nasema rangi ile ilikuwa ya moshi. Yeye alikuwa anakataa katakata, anasema ni samawati ya mbingu baada ya mvua, na kwamba nilikuwa mtoto, macho yangu yalikuwa yamezoea jikoni. Tumebishana hivyo miaka na miaka, kwa sauti, tukicheka, na kila nikikata simu nilikuwa naiona rangi yenyewe wazi mbele yangu. Juzi nilimpigia nikiwa tayari kwa vita. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema kwa upole, "Labda wewe ndiye uliye sahihi, mwanangu. Mimi siioni tena." Ningetoa magunia yangu yote kumsikia anakataa.